Kidonge Kilichobaki

"Amemeza, wallahi amemeza," Mwanamina alisema. "Mimi mwenyewe nikimsimamia kama mtoto. Akishameza namwambia apanue mdomo, anyanyue ulimi, nione."

Daktari Shabnam hakuridhika. Aliuinamia tena mguu wa Abbasi, uliokuwa umevimba hadi juu ya goti, ngozi imevutika na kuiva. Abbasi mwenyewe alikuwa hazungumzi tena. Tangu alfajiri homa ilikuwa ikimvurugia maneno, mara ataje Ndundu, mara ataje uji, mwisho akanyamaza kabisa.

"Mama, nisikilize vizuri," daktari alisema. "Ile amoksilini mliyoanza nayo dukani, wadudu wa kidonda kama hiki hawaiogopi. Ndiyo maana nikambadilishia. Hii ya pili ndiyo yenyewe. Sasa kama hakuimeza sawasawa, niambie, sitamgombeza mtu. Nitampa hiyo hiyo kwa sindano na tutasubiri. Lakini kama ameimeza yote na bado mguu umefika hapa, basi wadudu wake ni sugu, na nikisubiri sumu itamwenea mwilini. Itabidi tuukate."

Neno hilo la mwisho lilimkata Mwanamina maini. Abbasi ni mkulima wa mpunga, mtu wa kuingia bondeni matope yakimfika magotini. Huyo ukishamkata mguu, umwachie nini? Angeweza kusema labda siku moja alisahau, labda alitapika. Uongo huo haukumjia. Yeye aliona kwa macho yake, na alichokiona alikisema.

Alimjua mumewe. Abbasi akipata nafuu kidogo tu, dawa iliyobaki huigawa kwa jirani kama vile anagawa maembe. Kwa hiyo safari hii, baada ya kisiki kumchoma kule shambani Mahege, Mwanamina aliamua kumbana. Vile vidonge vya ganda la rangi mbili alivitia kwenye kopo la maziwa, akaliweka juu ya kabati, na kila wakati wa dawa akampa kwa mkono wake na maji ya kunywa.

Lawama yake ilikuwa moja tu, kwamba mume hakutulia. Kila alasiri, mguu anauburuza, Abbasi alipanda bodaboda kwenda Ndundu, ati anaangalia shamba la ufuta. Alirudi amechangamka, hata Mwanamina akadhani dawa inamwingia. Akaanza na kuzoea jikoni, yeye ambaye hata chumvi inapokaa hapajui. Siku ambayo Mwanamina alikuta ndoo ya unga wa muhogo imeachwa wazi, aliwafokea kuku weee, na Abbasi akacheka peke yake kwenye mkeka.

"Hebu ona," Mwanamina alisema, akifungua pindo la khanga. "Hiki ndicho cha mwisho. Asubuhi alishindwa kumeza, kinywa kimemkauka. Vingine vyote ameshamaliza."

Daktari alikichukua kile kidonge, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma maandishi madogo ubavuni.

"Dawa ni yenyewe," alisema kwa unyonge, akamrudishia. Kisha akawaita wauguzi.

Walimpitisha Abbasi kwenye kitanda cha magurudumu. Mwanamina alimshika kidole gumba cha ule mguu mpaka mlango wa chumba cha upasuaji ulipomtenganisha naye. Ulifungwa kwa ndani. Akakaa kwenye benchi, kidonge kimefundikwa tena kwenye khanga, na uchungu wake ulikuwa wa mtu aliyefuata kila alichoambiwa na bado amefika hapa.

"Shikamoo, dada."

Alikuwa mwanamke kijana, vumbi la njiani limemtanda miguuni, amemshika mkono mtoto wa kiume wa miaka kama minne. Mtoto alikuwa amenyolewa kipara, na kichwani kote alikuwa na makovu ya majipu yaliyokauka vizuri.

"Marahaba."

"Nimeambiwa Abbasi wa Mahege kaletwa huku."

"Wewe nani yake?"

Yule mwanamke alimsogeza mtoto mbele. Masikio ya mtoto yale, yaliyochomoza na kuinama kidogo kwa juu, Mwanamina alilala nayo mto mmoja tangu alipoolewa.

"Baba yuko wapi?" mtoto akauliza.

Moto ulimpanda Mwanamina kifuani. Ndundu. Shamba la ufuta! Alisimama, na maneno aliyotaka kuyatoa yangesikika mpaka barabara kuu, lakini mwenzake alimwahi.

"Dada, nisamehe. Sikuja kwa shari, nimekuja kumshukuru. Huyu kichwa chote kilikuwa majipu, anachemka kwa homa, na dawa yake kwetu imeisha kila mahali. Abbasi akasema yeye keshapona, ya kwake imebaki bure. Basi kila alasiri akituletea kwenye karatasi, unga mtupu, namkorogea mtoto kwenye uji. Vidonge vizima hajui kumeza."

Nyuma ya mlango chuma kiligonga sinia.

Mwanamina alifungua pindo la khanga. Alikitenganisha kile kidonge vipande viwili, akamimina kilichomo kwenye kiganja, akaonja kwa ncha ya ulimi.

Ulikuwa unga wa muhogo.