Umbo la Kijivu

"Yule pale! Tembo!" alisema mama wa mchumba wa Siwema, na kwa mara ya kwanza tangu watoke Kilosa, akatabasamu.

Siwema alifuta kioo kwa upindo wa kanga. Ilikuwa masika ya mwaka uliofuata Azimio la Arusha, na mvua ilikuwa imeficha milima yote. Yeye ndiye aliyemwalika mama huyu wa Lumuma, kule milimani, kupanda treni akawaone tembo wa Mikumi, akitumaini kumlainisha, maana alikuwa amekataa katakata mwanawe kuoa msichana wa bondeni. Hadi sasa hawakuwa wameona hata swala, na paa la behewa lilimvujia Siwema begani.

Abiria wa kiti cha mbele akageuka. "Kweli, mama, ni tembo, tena dume," alisema, akimkonyeza Siwema.

Siwema akatazama vizuri. Lile umbo la kijivu lilikuwa na miguu ya chuma, na mbele yake bomba lililoning'inia likidondosha maji.

Angeitikia tu, mambo yangekwisha.

"Hapana, mama," alisema bila kutetereka. "Lile ni tangi la maji la reli. Tembo hatujawaona, na kwa mvua hii sidhani kama tutawaona."

Tabasamu likatoweka. Mama akalitazama tangi mpaka likamezwa na ukungu, kisha akamgeukia Siwema, akaliangalia bega lake lililolowa.

"Mwanangu angeniambia ni tembo," alisema.

Akavuta kikapu chake, akasogea.

"Hebu njoo ukae huku, kusikovuja."