Kisa cha Nne

Mlango ulibishwa, na Dakta Salha akaiacha sentensi katikati. Aliweka kalamu mezani, akainuka na kwenda kufungua mwenyewe. Alikuwa muuza mchicha. Akamwambia leo hapana, ahsante mwanangu, kisha akarudi kitini.

"Tulikuwa wapi?"

"Kwenye malengo mahususi, Mwalimu," akajibu Phineas. "Tupo hapo tangu saa tatu. Kila mchuuzi wa Magogoni ana kipindi chake humu."

Wakacheka. Dakta Salha naye akatabasamu kidogo. Wanafunzi wake wanne wa uzamivu walikuja nyumbani kwake kila Jumamosi kujifunza kupanga utafiti na kuandika maombi ya ufadhili, na tabia yake hiyo walikwisha kuizoea. Mlango ukibishwa, simu ikilia, mtu akimwita, huacha kila kitu.

Na si kwa mambo yake tu. Siku moja Mweri, mmoja wa wale wanne, alipigiwa simu kwamba mwanawe ana homa. Akasema atasubiri kipindi kiishe, maana ni aibu kuondoka mbele za watu. Dakta Salha alimtilia vitabu mkobani kwa mikono yake, akamwitia teksi ya kumfikisha kwake Miritini na kulipa mwenyewe.

"Nenda, mwanangu. Darasa halifi."

Mweri hakuusahau wema ule.

Alikuwa mkunga kwa miaka kumi na mmoja, huyo Mweri. Aliomba fedha za kuchunguza kwa nini wajawazito wa Kisauni hufika hospitali wamechelewa, wakafa. Aliyapata maelezo ya visa sita katika daftari la wodi, kama yalivyosimuliwa na waliowaleta wagonjwa. Majina hakuyajua. Aliyajua Ruth, mtunza kumbukumbu, naye ndiye aliyewapelekea wafiwa barua na fomu za ridhaa. Mweri alikuwa na namba tu.

Visa vitano vilikuwa vya umaskini na umbali. Kisa cha nne ndicho kilichobeba ombi zima. Nyumba ya watu waliosoma, hospitali si mbali, mchana kweupe, na bado walichelewa.

Katika rasimu ya kwanza Mweri aliandika: familia ilikawia kupata gari.

Dakta Salha akapiga mstari chini ya maneno hayo. "Gari lilikuwapo uani. Soma daftari tena."

Mweri akasoma, akakuta ni kweli. Akastaajabu. Walimu wengine hutazama ukurasa wa kwanza na bajeti. Huyu alisoma mpaka viambatisho.

Katika rasimu ya pili akaandika: uamuzi wa kutoka nyumbani ulichelewa kidogo.

"Kidogo ndio kiasi gani?"

"Saa mbili na nusu, Mwalimu."

"Basi andika saa mbili na nusu. Nani aliyechelewesha?"

Mweri akainamisha kichwa. "Mamake mgonjwa. Binti alimwambia maumivu yameanza, mama akamwambia asubiri amalize kazi." Akainua kichwa. "Namwonea huruma, Mwalimu. Huenda siku moja akayasoma haya. Nilitaka kumsitiri."

Dakta Salha alitazama dirishani, kwenye kamba ya nguo isiyokuwa na nguo.

"Mungu akulipe kwa hilo," akasema. "Lakini andika kama ilivyokuwa. Ukimsitiri huyo mmoja, kesho mwingine atamwambia binti yake asubiri."

Mweri akaandika kama ilivyokuwa.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Maombi yangefungwa saa kumi na moja jioni. Fomu tano za ridhaa zilikuwa zimerudi. Ya nne ilikuwa na miezi mitatu haijulikani ilipo, na bila ridhaa ya mfiwa kisa hakitumiki. Dakta Salha mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo.

Saa tisa Ruth akapiga simu.

"Sina la zaidi, dadangu. Nikimpigia anapokea kwa adabu, ananiuliza hali, anasema inshallah nitaleta. Kisha kimya. Siwezi kumlazimisha mtu na msiba wake."

Mweri akaweka simu chini. "Nakifuta, Mwalimu."

"Ukifuta hicho, ombi limeanguka," akasema Phineas, safari hii bila mzaha. "Watasema tatizo ni umaskini tu, mjengewe barabara."

"Na lianguke. Yule mama ana haki yake. Pengine hata kuitazama hiyo karatasi hawezi. Mimi pia nisingeweza."

Akavuta kompyuta, akaanza kuutafuta ukurasa wenyewe.

"Usifute," akasema Dakta Salha.

Akainuka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Alikaa sana. Phineas akamimina chai, akamsogezea Mweri kikombe na kumtilia sukari bila kuulizwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na robo.

Alipotoka, Dakta Salha alikuwa ameshika bahasha ya kaki iliyochakaa pembe, kama kitu kilichofunguliwa na kufungwa mara nyingi. Juu yake, kwa mwandiko wa Ruth, paliandikwa: Kisa cha Nne.

Mweri akaipokea kwa mikono miwili, akatoa fomu. Wino ulikuwa bado mbichi. Mahali pa jina paliandikwa Salha Khatibu. Mahali pa uhusiano na marehemu, mama mzazi. Chini, palipoachwa nafasi ya maelezo, palikuwa na mstari mmoja tu.

Nilikuwa nafundisha. Alibisha mlango mara tatu.