Kikohozi cha Tatu

"Irudishe ilivyokuwa!"

Nyamizi aliutupa ufunguo juu ya meza ya kazi, spana zikaruka. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri pancha zao waligeuka wakakaa vizuri, maana ugomvi wa mwenzako huuangalii umesimama.

Fundi Emilian alihisi damu inamchemka. Jumatatu nzima alikuwa ameinamia pikipiki ile, kongwe ya porini yenye matairi ya meno, iliyoingia Sikonge yeye akiwa bado anachunga mbuzi. Kwa miaka mingi, ukiiacha ingurume yenyewe bila kuvuta mafuta, ilipanda, ikashuka, ikakohoa mara tatu, ikazima. Emilian aliifungua kabureta, akazibua jeti, kitundu cha kupitishia mafuta, kwa uzi wa waya, akatupa mpira uliopasuka uliokuwa ukiingiza hewa, akafunga mpya. Sasa ilitulia kama cherehani. Na huyu mwanamke anakuja kumfokea mbele za watu!

"Shemeji, nimeitengeneza."

"Nilikuletea ufunge breki. Nani alikutuma kwenye kabureta?"

Ni kweli, hakutumwa. Aliifanya bure, kwa heshima ya marehemu Limbu, mume wa Nyamizi, aliyeanguka mtini mwezi wa tano akipandisha mzinga wa nyuki. Emilian alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Leo shukrani yake ndiyo hii.

"Usipoirudisha ilivyokuwa, naipeleka kwa fundi Twalibu," Nyamizi alisema. "Na Jumapili watu wote pale kanisani watajua umeiharibu."

Hapo alimgusa pabaya. Emilian hakuwa na shamba la tumbaku wala mizinga. Alikuwa na jina tu, na jina hilo ndilo lililowasomesha wanawe.

"Sasa ubovu unautakia nini?"

"Hayakuhusu."

Hayamhusu! Basi Emilian akawaza yale yaliyokuwa yakisemwa sokoni. Tangu matanga yaishe, kaka zake Nyamizi walikuja mara mbili kutoka Lusu kumchukua, naye akakataa katakata. Kila jioni alivaa koti la marehemu akapanda pikipiki kwenda na kurudi, na nyumbani hakuna mtu ila mama mkwe wake, Bi Consolatha, aliyepofuka zamani. Wengine walisema ameng'ang'ania mizinga. Wengine walisema ana bwana huko porini. Siku hiyo Emilian aliyaamini yote mawili.

"Haya! Unataka ubovu, nitakupa ubovu!"

Akaufukua ule mpira uliopasuka kutoka kwenye kopo la takataka, akaufunga tena. Miaka ishirini ya ufundi, leo analazimishwa kuharibu kwa kipimo. Akawasha. Nyamizi alifumba macho akasikiliza.

"Bado. Hii imekohoa mara mbili."

Emilian akatukana kimoyomoyo, akalegeza skrubu kidogo.

"Bado."

Mara ya nne injini ilipanda, ikashuka, ikakohoa, ikakohoa, ikakohoa, ikazima. Nyamizi alifumbua macho. Yalikuwa na machozi, lakini Emilian hakuwa na nafasi ya machozi ya mtu.

Desturi yake ilijulikana Sikonge nzima: pikipiki haitoki kwake mpaka aiendeshe mwenyewe hadi mlangoni kwa mteja. Jumatatu mvua ilimzuia. Leo angekwenda, tena angemweleza Bi Consolatha waziwazi kwamba mkwe wake amechanganyikiwa, ili kesho asije akasingiziwa.

"Panda nyuma," alisema.

Walifika jua likiwa linazama. Bi Consolatha alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amekonda, na kando yake kulikuwa na sahani ya ugali iliyofunikwa, haijaguswa. Emilian aliiacha injini ingurume yenyewe. Ikakohoa mara tatu, ikazima. Akashuka, akafungua mdomo kumwaga mashtaka yake.

"Limbu?" bibi aliita, uso umemkunjuka. "Mwanangu, umefika?"

Nyamizi aliruka akamziba Emilian mdomo kwa kiganja.

"Ndiye, mama. Amechoka sana, anakwenda kunawa."

Ndipo Emilian alipokumbuka jambo alilokwisha kulisahau. Siku ya mazishi bibi alikuwa amelazwa Tabora mjini, hali mbaya, na wazee walikubaliana asiambiwe mpaka apate nguvu. Kumbe mpaka leo hakuna aliyethubutu.

"Hujala tangu Jumatatu, mama," Nyamizi alisema. "Leo utakula?"

"Leo nitakula. Kanipashie."

Nyamizi alichukua sahani akakimbilia jikoni, akijifuta macho kwa mkono wa lile koti. Emilian alibaki uani kama aliyemwagiwa maji. Hasira yote aliyokuja nayo ilimgeukia mwenyewe. Alijiona mpumbavu, na alitamani aondoke bila hata kuaga.

"Sogea, fundi Emilian," bibi alisema taratibu.

Emilian aliganda. Hakuwa ametamka neno hata moja tangu afike. Bibi alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wake unaonuka grisi, akaushika kwa viganja vyote viwili.

"Mlio wa mwanangu ulinipotea siku tatu. Ahsante kwa kunirudishia."

Kisha akageuza sikio upande wa jikoni, akasikiliza kwanza, akanong'ona:

"Ila usimwambie mkwe wangu kwamba najua. Akijua, atarudi kwao Lusu."