Kilio cha Mtaa wa Mtondoo

Jijini humo, mtaa usiotazamwa na watu simuni hufutwa kwenye ramani, na ukishafutwa, maji hayaji wala gari la wagonjwa halifiki. Mtondoo ulikuwa umeshafutwa siku mume wa Sikudhani alipofariki. Mjumbe wa mtaa, Shemdoe, akaja matangani na kamera.

"Lia, shemeji. Lia kwa sauti, utuokoe."

Sikudhani hakuhitaji kufundishwa. Aligaagaa chini hadi kanga ikamdondoka, na jiji zima likamtazama. Vijana wa singeli wakakitia midundo kilio chake, kikachezwa mpaka harusini. Mtondoo ukarudi ramanini, na vyombo vya hitima vikaoshwa kwa maji ya bomba.

Miezi ikapita, watu wakakichoka kilio kile. Jina la mtaa likaanza kufifia tena.

Ndipo majirani walipoanza kumletea uji mama yake Sikudhani, aliyelala ndani akikohoa. Walikuja kila asubuhi, wakichungulia chumbani kwa huruma.

"Bibi anaendeleaje?" Shemdoe akauliza.

"Leo afadhali," Sikudhani akajibu, akamwona mjumbe akiinamisha uso kama mtu aliyepewa tanzia.