Miche ya Kampuni ya Bi Tembo

Apa kwanza kwamba hili halitoki hapa, shoga, ingawa mie niliapa vivyo hivyo na jirani keshalijua. Kampuni ya mbao ya Bi Tembo ilipanda miche kufidia miti iliyokatwa, lakini kila kukicha miche ikapungua. Mbuzi, mkuu wa mazingira, akamsingizia Kobe mlinzi: "Huyu kazi yake kusinzia. Afukuzwe."

Siku ya kupanda upya, wageni wamejaa, Kobe anayesubiri kufukuzwa akaona mashavu ya Mbuzi yamevimba. Akasema kwa adabu, "Bosi, kabla sijaondoka, tupe hotuba yako."

Mbuzi, ambaye huhutubu hata msibani, akatikisa kichwa.

"Leo umepatwa na nini, Bwana Mbuzi?" akauliza Bi Tembo. "Wasalimie wageni basi."

Mbuzi akafungua kinywa, na mche ukadondoka na mizizi yake.