Siafu Wakipita

Siafu walipoingia ndani, hakuna aliyewamwagia majivu. Mashavu na mumewe, Ngwali, walitoa godoro, masufuria na nguo, wakakaa chini ya mchungwa kusubiri, kama wafanyavyo watu wote wa mji ule. Siafu huachiwa nyumba wamalize mende na panya, kisha hujiondokea wenyewe.

Ngwali aliitazama mizigo pale uani, uso ukamchangamka.

“Mke wangu, si tumeshahama nusu? Tuondoke moja kwa moja. Huko machimboni kuna kazi.”

Maneno hayo Mashavu aliyasikia kila mji waliohamia, na kila mji aliacha mafiga yangali ya moto.

“Siafu hawana kwao,” Ngwali aliendelea, “lakini nani amewaona na njaa?”

Mashavu akanyoosha kidole juu. Majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, walikuwa wameyavuta majani mawili, wanayashona kwa uzi wao mweupe.

“Na hawa je?”

“Hao! Si upepo wa jana tu umewararulia nyumba?”

“Ndiyo. Na wanashona. Mimi nimechoka, mume wangu.”

Jioni siafu wa mwisho walitoka mlangoni, wakapotelea majanini. Ngwali akapakia godoro kwenye baiskeli. Mashavu akachukua ufagio, akaingia ndani, akaanza kufagia mabawa ya mende.

Ngwali alibaki uani na kamba mkononi, akiusikiliza ule ufagio, asijue aufunge mzigo au aushushe.