Jina la Ellwood Linarudishwa

Sheria inataka kila jina la ukoo lirudi kwenye damu lilikotoka. Juzi ikawa zamu yetu Frere Town, wajukuu wa watumwa waliokombolewa. Binti yangu Dorka alitema mate kwenye mashine, nayo ikajibu kwamba damu ya Ellwood, Mwingereza aliyembatiza babu wa mume wangu na kumpa jina lake, haimo kabisa. Sisi ni ukoo wa Kalanje, wa Ziwa Nyasa.

“Mama, tumepata kwetu!” Dorka akashangilia.

Nikacheka naye. Lakini mimi niliolewa kwa jina la Ellwood. Marehemu mume wangu Ezra alinitania “Bibi Ellwood” kila jioni akiwa barazani, na sauti yake nimeihifadhi kwenye spika ya jikoni, iniite saa ya chai.

Kufikia jana jina lilikuwa limebadilishwa kila mahali. Nikabandika chai, spika ikawaka.

“Bibi Kalanje! Chai bado?”

Sauti ya Ezra, na kicheko chake kilekile. Jina hilo hakuwahi kulisikia maishani. Wamemtilia jina mdomoni, marehemu wa watu!

Nilinyoosha mkono niizime. Akaita tena, taratibu, kama anayebembeleza.

“Abee,” nikaitika.